Tahadhari: matairi ya zamani yanauzwa kama mapya, yakague kabla hayajafungwa

Ndugu zangu wenye magari, hasa nyinyi mnaojipanga kubadilisha matairi siku za karibuni, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna matairi yaliyozeekea stoo, na mengine yaliyokwisha kabisa barabarani, ambayo yanapakwa rangi, yanachongwa upya na kuuzwa kama mapya. Mdogo wangu ameuziwa manne. Jina la muuzaji silitaji, maana mkimjua huyu mmoja mtamkwepa yeye na kuangukia kwa mwenzake anayefanya hayo hayo. Ninachotaka mkijue ni mbinu zenyewe.

Mbinu hizi zinapata wateja kwa sababu tairi limepanda bei kweli. Mpira wa asili unatoka kwenye miti, na mti wa mpira huchukua miaka kama sita au saba kabla haujaanza kugemwa, hivyo mavuno ya Thailand na Indonesia yakiyumba hakuna wa kuyaziba kwa haraka. Mpira wa viwandani na yale masizi yanayofanya tairi liwe jeusi vinatokana na mafuta, kwa hiyo mafuta yakipanda navyo vinapanda. Ongeza nauli ya meli. Halafu magari yenyewe siku hizi yanakuja na rimu kubwa, na tairi la rimu ya 18 haliwezi kulingana bei na la rimu ya 14. Mtu akishazungukia maduka manne akachoka, akamkuta anayemwambia "hapa nakupunguzia", anakuwa ameshalegea.

Angalieni walivyomfanyia mdogo wangu. Bei haikuwa ya kutupwa. Ilikuwa chini kidogo tu ya wengine, na hapo ndipo ujanja ulipo, kwa sababu bei ya kutupwa ingemshtua. Matairi yalikuwa yanang'aa, yamezungushiwa utepe wa nailoni, na kibandiko cha karatasi kipo. Akaambiwa mzigo umeingia juzi. Alipouliza yametengenezwa lini, akageuziwa ubavu mmoja wa tairi na kuambiwa, "Unaona? Aina hii haiandikwi tarehe."

Huo ni uongo. Tairi la gari linalouzwa kihalali lina tarehe ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha fuata msururu wa herufi na namba hadi mwisho. Zile namba nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta msururu unaoishia na namba tatu tu, weka chini uondoke, kwa sababu huo ni mtindo wa kabla ya mwaka 2000. Sasa kuna jambo ambalo muuzaji analijua na wewe hulijui: kwenye matairi mengi msururu kamili wenye tarehe umechapwa ubavu mmoja tu, na ubavu wa pili una sehemu tu ya msururu huo. Kwa hiyo anakuonyesha ubavu usio na tarehe, na wakati wa kufunga anahakikisha wenye tarehe unaelekea ndani, chini ya gari, usikoweza kuona bila kulala chali. Ndivyo alivyofanyiwa.

Mambo yalifichuka pale tairi moja lilipotoa nundu ubavuni. Fundi mwingine alipolivua tukasoma upande wa ndani: 3714. Wiki ya 37, mwaka 2014. Tukavua na mengine. Mawili yalikuwa ya miaka tofauti kabisa, hayakutoka kwenye mzigo mmoja hata kidogo. La nne, mahali pa tarehe palikuwa pamekwanguliwa. Ukipitisha kidole unahisi mpira pale umekuwa laini na umebonyea kidogo, wakati herufi za jirani bado zina kingo kali. Juu yake kulikuwa na rangi nyeusi iliyotoka kwenye kitambaa tulipofuta kwa petroli kidogo, na chini ya rangi nyufa nyembamba zimezunguka ubavu mzima.

Tulimrudia muuzaji. Akasema barabara mbovu ndizo zilizotoa nundu. Tulipomwonyesha tarehe akasema tairi likishatoka dukani halirudi. Tukatoa risiti, imeandikwa "tairi 4" basi. Hakuna jina la tairi, hakuna saizi, hakuna namba ya DOT. Kwa risiti hiyo hata kuthibitisha kwamba matairi yale ni ya kwake ni kazi.

Wapo watakaosema tairi ambalo halijatumika lina ubaya gani hata likiwa la zamani. Lina ubaya mkubwa. Mpira huzeeka hata kama haujagusa barabara. Hewa, jua na joto vinaukausha, unakuwa mgumu, unashika barabara vibaya kwenye maji, na ule mshikamano kati ya ganda la juu na mikanda ya waya iliyo chini yake unalegea. Ukikimbia nalo mwendo mrefu kwenye joto, ganda linaweza kubanduka zima. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe nchini Marekani, kwa sababu ya ganda kubanduka namna hiyo na magari kupinduka, watu wakafa. Yale angalau yalikuwa na kampuni inayojulikana, ya kuulizwa na kuyarudisha. Hili la kupakwa rangi, likikubandukia, nani atakujibu?

Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na wengi wa watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama linaonekana zima. Sisemi kila tairi lisilo la mwaka huu ni la wizi. Tairi lililokaa mwaka mmoja au miwili kwenye stoo nzuri, yenye kivuli, halina tatizo, ilimradi umeambiwa ukweli na bei imezingatia hilo. Kinachoniuma ni mtu kufichwa umri wa kitu kitakachobeba watoto wake.

Mbinu ya pili ni ya kuchonga, na hii ndiyo inayonitisha zaidi. Tairi limeshakuwa kipara, mtu anachukua kisu cha umeme chenye makali ya moto na kuchimba mifereji upya. Kwa macho ya haraka linaonekana lina kina cha kutosha. Lakini mpira haukuongezeka. Amechimba kwenye ile tabaka nyembamba iliyobaki juu ya waya, kwa hiyo msumari mdogo au jiwe kali linafika kwenye waya moja kwa moja. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa kuruhusu kuchongwa, nayo huandikwa ubavuni REGROOVABLE. La gari dogo ambalo halina neno hilo halichongwi.

Kulitambua, inama uangalie chini kabisa ya mfereji. Tairi lililotoka kiwandani lina sakafu ya mfereji iliyonyooka na laini, na kila baada ya umbali fulani kuna kijidaraja cha mpira kimekatiza mfereji. Kile ni alama ya kuisha, kina kimo cha milimita 1.6, na mpira wa juu ukilingana nacho tairi limekwisha. Kwenye tairi la kuchonga vijidaraja hivyo vimekatwa au havipo, sakafu ina mikwaruzo, mfereji unapanuka huku na kubana kule, kama mtu aliyekata kwa mkono, maana ndivyo alivyofanya. Usiangalie mfereji mmoja, zungusha tairi lote.

Kwa wanaonunua mtumba, hesabu moja tu kabla ya kushangilia bei. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kisheria cha milimita 1.6. Maana yake unaponunua jipya, unanunua milimita 6.4 za kutumia. Mtumba wenye milimita 4 umebakiwa na 2.4, chini ya asilimia 40 ya matumizi ya jipya. Akikuuzia kwa nusu ya bei ya jipya, amekuuzia ghali, na bado utalipa ufundi na balansi mara mbili wakati mwenzako aliyenunua jipya amelipa mara moja. Wataalamu wengi wanashauri kwenye mvua tairi libadilishwe likifika milimita 3. Ukilihesabu hivyo, mtumba huo umebakiwa na milimita moja tu. Kipimo cha kina ni kidogo, kinaingia mfukoni, nenda nacho mwenyewe.

Na mtumba usiununue ukiwa umeshavishwa kwenye rimu. Undani wake ndio unaosema kweli. Mulika kwa tochi ya simu. Tairi lililowahi kukimbizwa bila upepo huwa na mstari uliosagika umezunguka ndani ya ubavu, na wakati mwingine unga wa mpira unabaki kwenye vidole. Hilo ubavu wake umeshakufa, hata nje likiwa zuri vipi. Tafuta na viraka: pancha ya katikati, ya tundu dogo lisilozidi milimita 6, iliyozibwa kwa ndani vizuri, haina shida. Kiraka ubavuni ni hatari, usilichukue hata la bure.

Mengine niyapitie haraka. Wapo wanaotangaza bei ya chini, ukishavuliwa matairi yako na gari liko juu ya jeki ndipo unatajiwa gharama ya kufunga, ya valvu, ya balansi, ya kutupa matairi ya zamani. Uliza jumla yote kabla jeki haijaguswa. Wapo wanaokuambia matairi yako yote manne yamekwisha wakati ni mawili, wakabaki nayo na kumuuzia mwingine. Ondoka na matairi yako. Wapo wanaokupa saizi sahihi lakini uwezo mdogo wa kubeba: namba 91 baada ya saizi ni kilo 615 kwa tairi, 106 ni kilo 950. Mwenye gari la mizigo anayehitaji tairi lenye herufi C akivishwa la gari dogo, linapasuka likiwa limebeba. Fuata namba zilizoandikwa kwenye mlango wa dereva au kitabu cha gari.

Mtandaoni nako wamejaa. Picha nzuri, bei nzuri, "tuma nusu nikupakilie". Muombe apige picha ya namba za DOT za matairi yote manne, pembeni akiweka karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mkono. Mwenye mzigo kweli hiyo ni kazi ya dakika mbili. Mwenye picha za kuiba ataanza kukasirika, atakuambia kuna mteja mwingine anakuja. Mwache huyo mteja mwingine aje ayachukue.

Na ukishapata matairi mazuri, yapimwe upepo gari likiwa limepoa, angalau mara moja kwa mwezi, na alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ikaguliwe kabla hujaondoka. Upepo mdogo unakula kingo zote mbili, mwingi unakula katikati. Likila upande mmoja tu, kagua alaimenti. Ukiyaacha hivyo utarudi kwa wauzaji hawa mapema kuliko inavyopaswa.

Kama umeshanunua na una wasiwasi, usisubiri nundu. Mwambie fundi mwingine, asiye na uhusiano na aliyekuuzia, alinyanyue gari na kusoma tarehe upande wa ndani. Piga picha ya tarehe, ya ubavu mzima, ya risiti na ya ujumbe wowote mlioandikiana. Ukikuta umedanganywa, peleka malalamiko kwa mamlaka ya kulinda walaji mahali ulipo, na umpe muuzaji nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Sisi tumepeleka yetu, na kabla jibu halijatoka yule muuzaji aliyesema tairi halirudi alipiga simu mwenyewe kuomba tuonane. Tumekataa kuonana bila hela mkononi. Matairi manne tunayo bado, hatujayatupa wala hatutayauza, na yeyote wa karibu anayetaka kuona tarehe iliyokwanguliwa inavyofanana aje alishike kwa mkono wake.