Livigno au St. Anton: wapi pa kunywa baada ya kuteleza thelujini?

Anayechunga mfuko wake na aende Livigno, Italia, mji ulio mita 1,816 juu ya usawa wa bahari, ambako hakutozwi VAT wala ushuru wa pombe, hivyo chupa dukani, na mara nyingi hata glasi ya baa, huwa nafuu kuliko katika vituo vingi vya kuteleza thelujini vya milima ya Alps. Huko bombardino, kinywaji cha moto cha mayai na brandi, huletwa kikifuka mvuke chini ya krimu nyeupe.

St. Anton, Austria, ni ghali zaidi, lakini kwa shamrashamra naipendelea: baa ya MooserWirt iko mlimani kando ya njia ya kutelezea, na wateja hucheza muziki tangu alasiri wakiwa na viatu vizito vya skii, kisha huteleza gizani hadi kijijini, jambo la hatari kubwa kwa aliyelewa.