Bolti za kemba na alaimenti ya 3D kwa Impreza iliyoshushwa: uzoefu wangu

Gari ni Subaru Impreza ya umbo la GD, tairi 205/55R16, imefungwa springi fupi zilizoishusha milimita 35 pande zote. Ninachokitathmini hapa ni vitu viwili nilivyolipia baada ya springi: jozi ya bolti za kemba za nyuma, na alaimenti (kunyoosha mielekeo ya magurudumu) kwenye mashine ya 3D, ile inayopima kwa kamera. Bolti nazipa alama za juu. Alaimenti ni nzuri pia, ila ukifika pale na kusema tu "nipimie alaimenti", utarekebishiwa nusu ya tatizo na utalipia kazi nzima.

Kwanza maneno, maana gereji nyingi huyachanganya. Kemba ni mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele: likiingia ndani kwa juu, ni hasi. Tou ni uelekeo wa tairi ukilitazama kutoka juu: nyuso za mbele zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, na kwenye gari hili haina marekebisho ya kiwandani, kwa hiyo tuiache.

Ukishusha gari, mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi) hauendi popote kule unakofungwa kwenye chasisi, ila ncha yake ya nje inapanda ukilinganisha na bodi. Kwa shokapu za aina ya gari hili, ncha hiyo huisukuma habu nje kwa chini, kemba inaenda hasi. Tairodi, fimbo inayolipinda gurudumu ukizungusha usukani, nayo inapanda, lakini urefu wake na pembe yake si sawa na za mkono wa chini, hivyo kila moja inachora tao lake na tou inabadilika. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona tairi limelala, wanalaumu kemba. Kemba ya hasi ya digrii moja na nusu inaweza kukaa chini ya gari miaka na tairi lisilalamike sana. Tou ndiyo inayokata tairi.

Vipimo vyangu kabla ya kugusa chochote vilikuwa hivi (alama ' ni dakika, sehemu ya 60 ya digrii). Kemba ya mbele: kushoto −1°25', kulia −1°00'. Kemba ya nyuma: kushoto −2°05', kulia −1°45'. Tou ya mbele: nje, jumla ya milimita 5 ikipimwa kwenye rimu. Tou ya nyuma: kushoto ndani milimita 3, kulia nje milimita 1.

Milimita 5 zinaonekana kidogo. Zigawe kwa magurudumu mawili, kisha weka kwenye rimu ya inchi 16: kila tairi linaburuzwa kando karibu mita 6 kwa kila kilomita unayoendesha. Na kwa kuwa kemba ya hasi inaweka uzito kwenye ukingo wa ndani, uburuzaji wote unaliwa na ukingo huo. Ukipitisha kiganja kwenye tredi kutoka ndani kwenda nje, kisha kinyume chake, upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza kama msumeno. Hiyo ni alama ya tou, si ya kemba.

Zile tou za nyuma zisizolingana zina kasoro yake. Magurudumu yote mawili ya nyuma yanaelekea kulia, gari linatembea kama kaa, na ili liende mbele dereva anaushikilia usukani umepinda kidogo kulia. Fundi asiyegusa nyuma atauona usukani umepinda, atazungusha tairodi za mbele mpaka unyooke, na atakwambia kazi imekwisha. Usukani umenyooka kweli, ila mgongo wa gari bado unakwenda upande.

Sasa bolti. Usinunue za mbele kabla ya kutazama. Kwenye Impreza hii bolti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu ya mbele na habu tayari ni ya kemba kutoka kiwandani: ina kifundo kisicho katikati na kichwa chenye alama. Ukiizungusha, sehemu ya juu ya habu inaingia au kutoka. Kwa mshuko wa milimita 35 ilitosha. Nyuma hakuna kitu cha namna hiyo, bolti zote ni za kawaida, na ndiyo maana nilinunua jozi moja tu. Pima kipenyo cha bolti ya zamani kwa kalipa kabla ya kwenda dukani. Hata Gerezani, Dar es Salaam, penye maduka ya vipuri, utapewa zinazofanana kwa macho zenye kipenyo tofauti. Bei ya jozi ni chini ya bei ya tairi moja jipya.

Bolti ya kemba ina mwili mwembamba kuliko ile inayoiondoa, kwa sababu lazima kifundo chake kipate nafasi ya kuzunguka ndani ya tundu. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Ikazwe kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, si ile ya bolti ya kiwandani, ambayo ni kubwa zaidi na inaweza kuivuta mpaka ilegee. Vilevile isikazwe kwa bunduki ya upepo. Unashika kichwa cha bolti kwa spana kisisogee, unazungusha nati peke yake kwa spana ya torki. Ukizungusha kichwa wakati wa kukaza, kipimo ulichopata kimeshapotea.

Ufungaji wenyewe ni rahisi ukiwa na jeki na stendi. Inua, toa tairi, legeza nati ya chini bila kuitoa, kisha toa bolti ya juu. Shika habu kwa mkono au ifunge kwa kamba: ikianguka nje inavuta bomba la breki na waya wa ABS, na sivii joint ya ndani, kiungio cha ekseli, inaweza kuchomoka. Ingiza bolti mpya kwenye tundu la juu, na pete ya washa yenye ulimi ikae kama karatasi ya mtengenezaji inavyoonyesha kwa upande unaotaka habu isukumwe. Tulitaka kupunguza kemba ya hasi, kwa hiyo juu ya habu inasukumwa nje. Kaza nati zote mbili, ya juu na ya chini, kila moja kwa torki yake, weka alama ya rangi kwenye kichwa na kwenye shokapu, rudisha tairi. Kumbuka kwamba juu ya tairi likitoka nje linaisogelea fenda, na gari limeshashuka. Pakia watu nyuma, pita polepole kwenye tuta, sikiliza kama kuna msuguano.

Kazi ambayo gereji karibu zote huiruka ni bushi. Bushi za mpira za mikono ya chini na za mikono ya nyuma zilikazwa gari likiwa kwenye kimo chake cha zamani. Ukishusha bila kuzilegeza, mpira unabaki umejipinda muda wote. Unalisukuma gari juu kidogo, unadanganya kipimo, na unapasuka mapema. Legeza bolti zake, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Hili lifanyike kabla ya mashine, si baada.

Springi mpya nazo hukaa chini zaidi kidogo baada ya kutembea. Mimi ningesubiri kilomita 300 hadi 500 kabla ya kulipia alaimenti ya mwisho. Katikati hapo usiache tou ya nje ikitafuna tairi: vuta mshipi wa kuvulia samaki kwenye stendi nne, mmoja kila upande, sambamba na gari, umbali wa kushoto na wa kulia ukiwa sawa kutoka vitovu vya magurudumu ya mbele, na vivyo hivyo kwa ya nyuma. Pima kwa rula kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma wa rimu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tou ya gurudumu hilo. Si kipimo cha kujivunia lakini kinakufikisha ndani ya milimita moja.

Kwenye mashine. Upepo uwe sawa, PSI 32 kwangu, buti liwe tupu, na boljointi, tairodi endi na beringi zisiwe na mchezo, la sivyo unapima hewa. Fundi anafunga vibao kwenye rimu, kisha lazima alisukume gari nyuma na mbele ili kamera zifute kosa la rimu iliyopinda au kibao kilichokaa vibaya. Akiruka hatua hiyo, namba zote zinazofuata ni za kubahatisha. Mfuatano nilioudai ulikuwa kemba ya nyuma, tou ya nyuma, kemba ya mbele, tou ya mbele. Sababu ni moja: ukigusa kemba, tou inabadilika; na nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi, mbele inafuata.

Tou ya nyuma ya gari hili hurekebishwa kwa bolti yenye kifundo kwenye mkono wa nyuma wa kila upande, pale unapofungwa chini ya bodi. Magari yaliyotoka sehemu za theluji Japani mara nyingi hizo bolti zimeshikana na kutu ndani ya bushi. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla, na kama haizunguki usikubali ilazimishwe kwa bomba refu: hukatika, na hapo unahitaji bolti mpya na pengine mkono mzima.

Halafu usidanganywe na rangi ya kijani kwenye skrini, inayomaanisha tu kuwa kipimo kiko ndani ya kiwango cha kiwanda. Kiwanda kinaruhusu tou ya sifuri, kosa la milimita 3 kuzidi au kupungua. Kwa hiyo upande mmoja wa tou unaweza kuwa mwisho kabisa wa kijani na bado ukaambiwa "iko sawa". Kinyume chake, kemba ya gari lililoshushwa inaweza kubaki nyekundu na isiwe na tatizo. Soma namba. Pia uliza tou inaonyeshwa kwa kipimo gani: milimita 1 kwenye rimu ya inchi 16 ni takriban dakika 8 za digrii, lakini ikihesabiwa kwenye kipenyo cha tairi ni kama dakika 5 na nusu.

Nilitoka na kemba ya mbele −0°50' pande zote, ya nyuma −1°20' pande zote, tou ya mbele sifuri, ya nyuma ndani milimita 1 kila upande. Usukani umenyooka na gari linatulia kwenye mwendo wa barabara kuu, na kina cha tredi kinapungua sawa ndani na nje. Malalamiko yangu kwa gereji ni mawili. Fundi alitaka kuzungusha tairodi bila kulegeza klipu ya mpira unaofunika ncha ya reki ya usukani, jambo ambalo huupinda mpira mpaka unachanika. Na karatasi ya "baada" ilibidi niidai; bila hiyo huna ushahidi wa chochote.

Gari likivuta kushoto kidogo baada ya yote, kabla ya kurudi kugombana jaribu sehemu tambarare, maana barabara zetu zina mteremko kuelekea ukingo wa kushoto. Likiendelea, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Mvuto ukihama upande, kosa ni la tairi lililoliwa zamani, wala mashine haiwezi kuliponya.

Kagua alama za rangi kila baada ya shimo kubwa. Bolti ya kemba ikiteleza utaiona hapo kabla tairi halijakwambia. Taa za mbele pia zipimwe upya kama springi za nyuma na mbele hazikushuka sawa. Kwa walioshusha zaidi ya milimita 50, jozi hii ya bolti pengine haitatosha nyuma: hao watafute mikono ya nyuma yenye marekebisho ya urefu, na mbele waanze kufikiria tairodi endi na boljointi za kurudisha pembe.