Maiki ya kondensa au dainamiki kwa chumba cha nyumbani?

Unataka kurekodi nyumbani? Ukishapata kompyuta na kadi ya sauti ya USB, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kinachobaki kukuumiza kichwa ni maiki.

Kondensa, mfano Audio-Technica AT2020, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na inanasa kila kitu. Pumzi na mkwaruzo wa kidole kwenye waya wa gitaa, sawa, lakini pia feni ya kompyuta, bodaboda barabarani na mwangwi wa sakafu ya vigae. Nilirekodi nayo alfajiri moja. Nilipovaa hedifoni, jogoo wa jirani alikuwa katikati ya ubeti.

Dainamiki kama Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, haihitaji volti hizo. Isogeze karibu, upana wa vidole vinne tu kutoka mdomoni: sauti yako inajaa, chumba kinabaki nyuma. Ila utapandisha geni (kiwango cha kadi kukuza sauti ya maiki) sana, na kadi dhaifu hapo huanza kuvuma.

Una mapazia mazito, zulia na kabati lililojaa nguo? Chukua kondensa, hasa kwa gitaa au udi. Chumba kitupu chini ya mabati, kwa sauti ya mtu, mimi nachukua dainamiki bila kusita.