"Faili limefunguliwa kikamilifu", ikaniambia. Uongo mtupu

Nianze na nyota kabla hasira haijapoa: moja. Ningeweza kuweka sifuri ningeweka.

Programu yenyewe, ya kukokotoa mitandao ya mabomba ya maji, siitaji jina. Mlio kwenye kazi za maji mtaijua kwa uzito wa ankara yake. Kwamba inachora ramani nzuri na inatoa ripoti za rangi, hayo wameyaandika wenyewe kwenye matangazo yao. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu kidirisha kidogo cha kijani.

Tulipata kazi kwa mamlaka ya maji ya mji fulani. Wanataka kujenga tangi jipya upande wa mlimani, tuwaambie kama bomba kuu lililopo litahimili. Modeli ya mtandao wao wa mabomba, yaani nakala yake ya kompyuta ya kupigia hesabu, ilikuwepo tayari. Aliijenga mhandisi mmoja miaka mingi nyuma, kwa toleo la zamani la programu hiyohiyo, na mzee sasa amestaafu. Nikajisemea hii ni kazi ya siku mbili, tatu zikizidi. Nikalifungua faili kwenye toleo jipya ambalo ofisi yetu ndiyo kwanza imelilipia. Ikazunguka weee, mwisho kikachomoza kidirisha cha kijani: faili limefunguliwa kikamilifu, makosa 0. Nikaenda kunywa chai na moyo mweupe.

Kurudi, nikaendesha hesabu. Presha kwenye nodi za sokoni, yaani makutano ya mabomba: hasi mita 500 na kitu.

Kwa asiye wa fani, presha ya maji tunaipima kwa mita, yaani maji yangepanda kimo gani juu ya bomba. Ukiwa na mita 15 nyumbani kwako unaoga bila kulalamika. Hasi 500 haipo duniani. Siku nzima nikajilaumu mimi. Nikakagua matangi, nikakagua miinuko, nikampigia mwenzangu aliyepima GPS kumuuliza kama alikuwa mzima siku ile. Maskini, nimeshamwomba radhi.

Kosa nililikuta jioni, na nilipolikuta nilicheka kabla ya kulia. Modeli ya mzee ilihesabu msuguano kwa kanuni ya Hazen-Williams. Humo kila bomba lina namba yake, na namba ikiwa kubwa bomba ni laini: plastiki mpya unaipa 140 au 150, chuma kilichozeeka 100 au chini ya hapo. Toleo jipya lenyewe linapenda kanuni ya Darcy-Weisbach. Sina ugomvi na Darcy-Weisbach, ni kanuni nzuri kuliko ile. Lakini kule namba unayoandika ni ukwaru wa ukuta wa bomba kwa milimita, na bomba la plastiki halifikishi hata sehemu ya kumi ya milimita. Sasa hii programu ilibadilisha kanuni kimyakimya, namba ikaziacha vilevile. Bomba la milimita 150 lenye namba 120 likageuka bomba la milimita 150 lenye mabonge ya milimita 120 ukutani. Nilipiga hesabu kwa mkono, msuguano umepanda karibu mara 30. Na kijani kinakuambia makosa 0!

Hapo bado pampu. Kila pampu ina mkondo wake, yaani mstari unaoonyesha inasukuma maji kiasi gani kwa kimo gani. Mzee aliuelezea kwa nukta moja tu, lita 40 kwa sekunde kwa kimo cha mita 90, na zamani hiyo ilitosha kwa sababu programu ilijaza yenyewe zilizobaki. Toleo jipya linataka nukta tatu. Lilipokosa mbili, halikuuliza. Likaweka sifuri. Pampu tatu za kituo kizima zimesimama pale kwenye ramani, zimechorwa vizuri, hazisukumi hata tone.

Kinachoniuma ni hiki. Ingekataa kulifungua faili, ningeielewa na pengine ningeishukuru. Fundi akikuambia gia boksi la gari lako haliwezi, unalipeleka kwa mwingine, mnabaki marafiki. Anayekurudishia gari limeoshwa, limeng'arishwa, halafu breki hamna, huyo ndiye muuaji. Hawa wamefunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni mimi niliyelipa.

Nikapiga simu kwa wakala wao. Naandika kama nilivyosikia.

"Habari za saa hizi, kaka."

"Namba ya leseni?"

Nikampa. Nikaanza kumweleza: faili la zamani, kanuni imebadilika, mikondo ya pampu imepotea. Akanisikiliza kidogo, halafu akasema, "Dada, hapo ofisini kuna mhandisi nizungumze naye?"

Nilinyamaza. Nadhani alifikiri simu imekatika, maana alisema "haloo" mara mbili.

"Unazungumza naye," nikamwambia.

Hakuomba radhi. Akaendelea tu, tena kwa sauti ya kumsomea mtoto: faili la umri ule halitakiwi kufunguliwa moja kwa moja, unalifungua kwanza kwenye toleo la katikati, unalihifadhi, ndipo unalileta huku. Sawa, toleo la katikati nalipata wapi? Kwenye akaunti, ila lazima uwe umelipia huduma ya mwaka. Tumenunua juzi! Mmenunua leseni, dada, huduma ni kitu kingine. Na kile kidirisha cha kijani? "Kile kinamaanisha faili limesomeka. Programu haina tatizo, data zenu ndizo zina tatizo."

Data zetu. Data zilizotengenezwa na programu yao wenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamtafuta mzee aliyeijenga modeli. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, njoo nyumbani. Nina sidii." Kweli, bahasha ya kaki, ndani sidii imeandikwa kwa kalamu ya wino. Kumbe kila alipomaliza kazi kwenye programu ile ya kulipia, alikuwa akitoa nakala nyingine ya EPANET, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, faili la .inp. Nikamuuliza kwa nini. "Akiba haiozi."

Kwa wasioijua, EPANET ni ya bure, imetengenezwa na EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2000, la 2.2 mwaka 2020. Faili la mzee ni la enzi za 2.0, mimi nina 2.2. Likafunguka papo hapo. Presha sokoni: mita 22. Nikapiga makofi peke yangu.

Lakini raha yenyewe niliipata nilipolifungua faili hilohilo kwa Notepad, maana .inp ni maandishi matupu, unayasoma kama orodha ya duka. Unashuka, unakuta mabomba, pampu, vali, na kwenye sehemu ya OPTIONS imeandikwa wazi kabisa: Units LPS, Headloss H-W. Lita kwa sekunde, Hazen-Williams. Hakuna wa kukubadilishia kwa siri. Tena kitu chochote kinachofuata nukta mkato programu inakiruka, kwa hiyo mzee alikuwa anajiandikia humo maelezo kwa mkono. Mbele ya bomba moja: "; hili lipo chini ya vibanda vya soko, ramani ya ofisi imekosea." Mbele ya vali: "; inafungwa usiku, muulize mlinzi." Maelezo hayo ndiyo yaliyotuokoa na safari nzima ya kwenda kupima upya.

Na mkondo wa pampu wa nukta moja? EPANET inaujua. Inachukulia kimo cha juu kabisa, maji yakiwa hayatembei, ni asilimia 133 ya kile ulichoandika, na mtiririko wa mwisho ni mara mbili. Basi nikajua nukta zangu tatu: sifuri kwa 120, 40 kwa 90, 80 kwa sifuri. Nikarudi nazo kwenye programu ya wakubwa, nikazijaza, nikairudisha kanuni ya Hazen-Williams. Majibu yakafanana.

Sasa msije mkadhani nimehamia EPANET na mabegi yangu. Ina uso wa mwaka 2000, na haina kutengua! Nilifuta bomba moja kwa kidole kizito, nikatafuta pa kulirudisha, hapakuwepo. Picha ya ramani ya nyuma inataka .bmp na ndugu zake. Nilitukana kidogo na huku pia.

Na kusema haki, baada ya kurekebishwa, ile ya kulipia ilifanya kazi nzuri. Mteja anataka michoro, ilitoka safi, ramani ikakaa juu ya barabara za mji bila kusogea. Mkurugenzi wa mamlaka aliitazama akasema "hapa sasa naona." Wiki ile ningewapa nyota tatu. Nilishaanza kujiambia labda nilikuwa na kisirani tu, labda yule kijana wa simu alikuwa na siku mbaya.

Kisha akapiga mhandisi wa mamlaka. Kwa adabu zote, "Injinia, samahani, faili letu mmelifanya nini?" Wao bado wana toleo la zamani, na faili lao kwenye diski ya pamoja halifunguki tena. Toleo jipya, lilipolifungua siku ile ya kwanza, lililigeuza na kulihifadhi juu ya lile la zamani. Halikuuliza. Kijani, makosa 0. Ndiyo, ningepaswa kutoa nakala kwanza, hilo ni langu na nimelikubali mbele ya bosi. Lakini kuuliza tu "nihifadhi wapi" kungewagharimu nini?

Nimewatumia .inp ya mzee wakati tunahangaika. Nyota zinarudi kuwa moja. Mkondo wa pampu ya tatu sijauamini bado, maana mzee anasema ilibadilishwa baada ya yeye kuondoka, na fundi wa kituo ameniahidi kunipigia picha kibati chake kesho.