Lenzi ya kupigia mpira huku kusini: 70-200 f/2.8 na kwanini naiweka mbele ya zile zinazovuta mbali

Wadau wa kamera wa Mtwara na Lindi, kila msimu ukikaribia naulizwa swali lile lile, ninunue zumu gani ya kupigia mpira, na wengi wakiuliza tayari kichwani wana jibu lao, wanataka ile inayovuta mbali kuliko zote, 300, 400, hata 600, hizo ni milimita za lenzi, zikiwa nyingi inavuta mbali zaidi. Mi nawaambia viwanja vyetu vinakula mwanga kwanza, umbali baadae. Lenzi ninayoiongelea hapa ni Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II USM, ile nyeupe iliyotoka 2010 (hiyo f ni tundu la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo ndo tundu kubwa), naitumia kwenye kamera ya Canon 7D Mark II, na nimeipiga uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, nimeipiga uwanja wa Ilulu pale Lindi, nimeenda nayo Ruangwa na kwenye mechi za ndondo za vumbi tupu ambazo hata uzio hakuna.

Sasa kwanini mwanga. Mechi za huku nyingi zinaanza saa 10 jioni. Kipindi cha kwanza hata simu inapiga picha nzuri, jua lipo, kila lenzi inaonekana kali. Shida inakuja kipindi cha pili, maana mpira unaisha kwenye saa 12 kasorobo, saa 12 kasoro kumi hivi, na huku kwetu mwezi wa 6 jua linazama saa 12 na dakika chache tu, yani dakika 20 za mwisho unapiga kwenye mwanga unaoporomoka kila ukiangalia skrini. Na hizo dakika 20 ndo penati, ndo kadi nyekundu, ndo goli la ushindi na watu wanavua jezi! Masika wingu likitanda ni hivyo hivyo tangu kipindi cha kwanza. Na ndondo za mtaani taa hazina.

Hesabu yake iko hivi. Mchezaji anayekimbia unahitaji shata, yani muda kamera inaofunguka kupiga picha, ya 1/1000 ya sekunde ili miguu na mpira vigande, ukishuka 1/500 bado unaweza kupata ila mguu unaopiga mpira unatoka na ukungu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara 2 ya f/4 na mara 4 ya f/5.6. Kwahiyo mi nikiwa 1/1000 na ISO 1600 pale pembeni (ISO ni kiasi kamera inachokuza mwanga), jamaa mwenye f/5.6 aliyekaa na mimi benchi moja anatakiwa aende ISO 6400 kupata picha ile ile, au ashushe shata hadi 1/250 na hapo mchezaji ameshaoza. ISO 6400 kwenye kamera ya miaka ile yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha) ni chenga tupu, vidoti vidoti, na chenga zinakaa hasa kwenye uso. Hili watu hawalisemi vya kutosha: wachezaji wetu ni weusi, jezi zikiwa nyeupe kamera inadanganywa na jezi inatia giza picha nzima, sura zinapotea, halafu ukienda kwenye kompyuta kunyanyua kivuli ndo chenga zinaamka zote. Ukiwa na f/2.8 unaongeza mwanga hapo hapo uwanjani na sura inatoka na macho yake. Kwangu picha ya mpira bila sura haina kazi, mama yake mchezaji anataka amuone mwanae.

Halafu kuna nyuma ya mchezaji. Viwanja vyetu pembeni kuna kila kitu, boda zimepaki, watoto wamepanda juu ya ukuta, bango la soda limechanika, nguo zimeanikwa. Kwa f/2.8 vyote vinalainika vinakuwa rangi tu, mchezaji anabaki peke yake. Kwa f/5.6 bango linasomeka hadi namba ya simu.

Kwenye umbali nitasema ukweli, 200 inafika mwisho mapema. Uwanja kamili una kama mita 105 kwa 68, hakuna lenzi ya 200 itakayokuletea goli la upande wa pili, usijidanganye. Ila kwenye bodi, yani kamera yenyewe, ya sensa ndogo ya Canon unazidisha kwa 1.6, 200 inakula eneo kama la 320, na hapo mchezaji aliye mita 30 kutoka ulipo anajaza kama robo tatu ya urefu wa picha ukiwa umeshika kamera kwa ulalo. Mita 50 anakuwa chini kidogo ya nusu, unakata kidogo na bado inafaa kwa mtandaoni. Kwahiyo nikikaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni kidogo karibu na kona, boksi lote ni langu, kona ni zangu, winga anakuja mpaka ananigonga, na hapo 70 inanisaidia maana mtu akishangilia anakufuata wewe mwenye kamera. Mwenye 150-600 hapo anatoka na pua tu. Kipindi cha pili unaamua kubaki hapo hapo au kuhama, mi huwa naifuata timu inayouza habari siku hiyo. Na kwenye sensa kubwa ile 200 ni 200 kweli, yule wa mita 30 anashuka hadi nusu ya picha, kwahiyo kwa mpira usione aibu na kropu, yani sensa ndogo, inakusaidia.

Fokasi ndo kitu kilichonifanya niipende hii lenzi kabisa. Mota yake inakimbia, haina sauti, na kamera nyingi za Canon ile pointi ya katikati inakuwa makini zaidi ukiweka lenzi ya f/2.8 au iliyo wazi zaidi ya hapo, hiyo ni faida usiyoiona kwenye karatasi ila uwanjani unaihisi. Weka AI Servo, ile modi ya fokasi inayomfuata anayekimbia, tenganisha fokasi na kitufe cha kupigia upeleke kwenye kidole gumba, halafu ile swichi ya pembeni ya lenzi iweke 2.5m hadi mwisho ili isipoteze muda kutafuta majani yaliyo miguuni kwako. Mchezaji akipita nyuma ya refa inamshikilia, kwenye vumbi inamshikilia. Kitu kimoja tu, jua likiwa usoni kabisa jioni fokasi inahangaika na picha inapauka, hudi yake, ile kinga ya jua ya mbele ya lenzi, usiiache nyumbani, na kama unaruhusiwa kuchagua upande kaa jua liwe mgongoni.

Watu wanauliza stabilaiza. Inatuliza mkono wako, haimtulizi mchezaji! Ukishakuwa 1/1000 haina kazi kubwa, mi naiweka modi 2 tu kwa wakati nafuata mkimbiaji kwa ulalo, na kwenye riadha za shule inatoa picha tamu, mtu amekaa wazi na nyuma kumevutika. Nalisema hili kwasababu linaokoa hela: kuna 70-200 f/2.8L ya zamani, ya 1995, haina stabilaiza kabisa, ni nyepesi kidogo, gramu 1310, na used inauzwa chini sana ya hii yangu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni mpira mchana na jioni, hiyo ndo ningemwambia anunue kabla ya kugusa zumu mpya ya plastiki yenye bei inayokaribiana. Harusi ndani ya ukumbi hapo sawa, stabilaiza utaitaka, na wengi wetu mpira haulishi nyumba, harusi ndo zinalisha.

Nyingine nilizozishika nazitaja harakaharaka. EF-S 55-250mm IS STM, ndogo, gramu 375, bei ya mwanafunzi, kali kuliko unavyodhani jua likiwepo, kwa michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, inayopigwa asubuhi na mchana inakutosha kabisa, mwenye mfuko mdogo aanze nayo bila wasiwasi, ila saa 11 na nusu iweke begini. EF 70-300mm IS II ya 2016 fokasi yake ina kasi nzuri mno, ila ukivuta hadi mwisho ni f/5.6, tatizo ni lile lile. 70-200 f/4L nyepesi raha, gramu 705, nusu ya uzito wa hii, na kama ungekuwa unapiga mchana tu ningekwambia chukua hiyo usitazame nyuma. Sigma 150-600 Contemporary na Tamron 150-600 zina karibu kilo 2, f/6.3 ukifika mwisho, hizo ni za mtu wa ngalawa baharini na ndege wa mikokoni, au mpira wa saa 8 jua kali na wewe umebanwa jukwaani huruhusiwi kushuka, hapo kweli zinaleta goli la mbali mpaka jasho unaliona. Wa Nikon, ile 200-500 f/5.6 nayo iko kundi hilo, kilo 2.3. Na wa Nikon tena, zile 70-300 za AF-P kabla hujatoa hela hakikisha bodi yako inazikubali, bodi za zamani kama D90 na D7000 hazifokasi nazo kabisa. Tamron 70-200 f/2.8 G2 ya 2017 ndo mbadala ninaouheshimu, picha zake ukiniwekea mezani na za Canon sitatofautisha, mpya ilitoka kwa bei ya chini, ila kwenye kufuata mtu anayekuja moja kwa moja kwangu bado naipa Canon.

Kasoro za hii yangu. Uzito, gramu 1490, ukijumlisha bodi unashika karibu kilo 2 na nusu dakika 90, mkono wa kushoto unaongea usiku. Monopodi, ule mguu mmoja wa kusimamishia kamera, ni lazima, na ifungwe kwenye ile pete ya lenzi, usifunge kwenye bodi ukaning'iniza lenzi. Rangi nyeupe nayo inaita macho, kwenye ndondo kila mtu anakuona, wengine watakudai picha, ukipanda gari usiku uifunike. Na bei, mpya ilikuwa ya kutisha tangu siku ya kwanza, dola 2,499 ilipoingia sokoni Marekani, kwahiyo huku tunaongelea used.

Used basi uikague kama unakagua ng'ombe wa mahari. Ukifika Kariakoo au ukikutana na muuzaji popote, nenda na bodi yako na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, pitisha tochi kwa pembeni, ukiona nyuzi nyuzi kama utando ndani ya kioo hiyo ni fangasi, achana nayo hata akushushie nusu bei, kuisafisha ni gharama na mara nyingi inaacha alama. Vumbi kidogo ndani halina shida. Zungusha zumu usikie kama kuna mchanga, piga kwa f/2.8 kwenye 200 kitu chenye maandishi kilicho mbali kidogo uone kama fokasi inakaa pale ulipoiweka, halafu piga kwa f/11 uone kama picha inatoka sawa au kamera inatoa erro, washa stabilaiza usikilize, swichi zote zijaribu. Muuzaji anayekwambia haina haja ya kutesti, muage vizuri uondoke.

Na hiyo fangasi sisi wa pwani ndo adui wetu mkubwa, hewa ya bahari ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Begi la kamera lililofungwa kabatini ndo sehemu mbaya kuliko zote. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka vipakiti vya silika jeli, vikilowa vikaushe au badilisha, na lenzi itoke ipigwe jua la asubuhi kidogo mara kwa mara hata kama hakuna mechi. Ukitoka kupiga ufukweni Shangani ifute chumvi siku hiyo hiyo. Ukitoka Ruangwa au Masasi na vumbi, puliza kwanza kabla ya kitambaa, ukianza na kitambaa unasugua mchanga kwenye kioo.

Kwa wanaosubiri wahamie mirrorless, zile kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi, ndo wanunue: lenzi za EF zote zinakaa kwenye bodi za R, mirrorless za Canon, kwa adapta ya Canon yenyewe, adapta haina vioo vya lenzi ndani, haipunguzi mwanga, na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Ukweli RF 70-200 f/2.8 ya 2019, lenzi ya hizo bodi za R, ni gramu 1070 tu na ningeipenda, ila bei yake kwa sasa ni ya mtu mwingine. Wenye korosho, minada ikianza mwezi wa 10 hela ikiingia, tafuta EF iliyo safi, bodi mpya utaikuta mbele ya safari.