Hema la kuvizia la vitovu vitano: misimu mitatu ya bata mzinga mwitu kwa upinde

Hema hili nimelitumia misimu mitatu ya majira ya kuchipua, katika majimbo ya Missouri na Nebraska, Marekani, kwa upinde wa kapi peke yake. Ni la kukunja: kuta nne na paa, na kila upande una kitovu katikati kinachoshika fimbo nne za faibaglasi. Kutoka kitovu cha ukuta mmoja hadi cha ukuta unaoutazama ni sm 190, kimo cha ndani sm 170, na likiwa mfukoni lina karibu kilo 8. Nililipa dola 180.

Mwenye bunduki hana haja nalo. Ataegemea mti, atatulia, basi. Mwenye upinde lazima avute, na mwendo wa mkono wakati wa kuvuta ndio unaompotezea ndege. Macho ya bata mzinga yako kando ya kichwa, hivyo bila kugeuka anaona karibu nyuzi 270, na rangi anazitofautisha vizuri. Pua yake si kitu. Kwa hiyo harufu ya kitambaa kipya, ambayo kwa kulungu ingekuwa balaa, hapa haina neno. Wala hakuna haja ya kulisimamisha hema wiki nzima ili alizoee. Likitokea usiku katikati ya shamba tupu, asubuhi atapita kando yake kama kichuguu. Asichovumilia ni kitambaa kinachopigapiga kwa upepo na kitu kinachosogea ndani ya dirisha lenye mwanga.

Mchezo wote basi uko kwenye giza la ndani. Hema langu lina upako mweusi upande wa ndani, na lilipokuwa jipya lilikuwa giza la kuridhisha. Msimu wa pili upako ulianza kumenyuka kwenye mikunjo, hasa karibu na vitovu, na vitundu vya mwanga vikaonekana. Ukitaka kupima lako, ingia saa sita mchana, funga kila kitu, tazama juu. Vitundu vya paa ndivyo vibaya zaidi kwa sababu mwanga wake unakuangukia begani. Utepe mweusi wa kitambaa, ubandikwe ndani, umetosha mpaka sasa. Ndani vaa nyeusi, siyo mabaka ya majani. Funika uso na viganja. Fungua dirisha la kupigia na tundu moja la kuchungulia pembeni, mengine yote yafunge. Ukiacha la nyuma wazi unakuwa kivuli kilichochorwa ukutani. Na usielekeze dirisha la kupigia mashariki, kwani jua la asubuhi liko chini, linaingia moja kwa moja hadi kifuani.

Madirisha ndiyo yaliyonifanya nilipende hema hili, na pia ndiyo yenye kasoro ambayo muuzaji hakuitaja. Yanashikwa na kulabu na mipira ya kunyumbuka, si zipu, hivyo unaweza kushusha ukingo wa chini kimyakimya. Kiwandani ulikuwa umewekwa sm 85 kutoka ardhini. Ukikaa kwenye kiti cha sm 42, mshale wako uko karibu mita moja juu, na unadhani nafasi ipo tele. Lakini ndege akiwa mita tatu unapiga kuelekea chini, na mshale unapita chini ya mstari wa jicho kwa sm 7 hadi 10. Jicho linaona wazi juu ya ukingo, nukta ya shabaha iko juu ya ndege, mshale unakwaruza kitambaa. Shusha ukingo hadi sm 75 na urudishe kiti nyuma hadi theluthi ya mwisho ya hema, ili chembe, yaani ncha ya mshale, kisichungulie nje unapovuta. Upinde wangu una sm 80 kutoka ekseli ya kapi moja hadi ya nyingine na haugusi chochote. Mrefu zaidi ya sm 90 ungegonga paa kwenye pembe.

Tofauti hiyohiyo ya jicho na mshale ina matokeo mengine. Kwa nukta ya shabaha iliyopangwa kwa mita 18, mshale uliopigwa mita tatu unatua chini ya pale ulipolenga. Moyo na mapafu ya bata mzinga vina ukubwa wa ngumi. Sentimita tano chini umepiga paja, na ndege huyo ataruka zake akafie usikokujua. Fanyia mazoezi ndani ya hema lenyewe, umekaa, mita 3, 5, 10 na 18, mpaka ujue kila umbali unataka ulenge juu kiasi gani.

Wavu wa kupigia uliokuja na dirisha unapitisha mshale, lakini kwa chembe cha visu vilivyokaza tu. Kile cha visu vinavyofunguka kinaweza kufunguka kwenye wavu wenyewe, halafu mshale unapinda. Mimi napendelea visu vinavyofunguka kwa upana wa sm 5, kwa hiyo wavu naung'oa na kutegemea giza. Chembe kikubwa cha kukata shingo, kile cha takriban sm 10, usikipeleke hema la dirisha jembamba hata kidogo. Kinataka nafasi ambayo hapa haipo.

Kusimamisha: litoe mfukoni, lilaze, vuta kamba ya kitovu cha ukuta mmoja mpaka kipige "pwa" na kutokeza nje, zunguka kuta zote, kisha ingia usukume paa juu. Kukunja ni kinyume chake: paa kwanza kwa kuvuta kamba yake chini, halafu kuta. Wengi huvunja fimbo hapa. Wanasukuma fimbo badala ya kitovu, au wanakunja ukuta paa likiwa bado limekaza, na fimbo inapasuka pale inapoingia kwenye kishikio cha chuma. Kwenye baridi huvunjika kwa urahisi zaidi, na Nebraska huwafungulia wapiga upinde msimu mwishoni mwa Machi, kabla ya wenye bunduki, asubuhi bado kuna umande ulioganda. Nimebadilisha fimbo mbili. Fimbo ya akiba hukatwa kwa msumeno wa chuma, na vaa glavu, vumbi la faibaglasi huwasha siku nzima.

Vigingi vilivyokuja nalo ni vya mchezo. Kwenye tambarare upepo ukishika ukuta, kitovu kinabonyea ndani na hema linageuka mwavuli. Nilikata nondo za mm 10, urefu wa sm 30, nikakunja kichwa: nne pembeni, nne kwa kamba za vitovu vya ukuta. Kitambaa chochote kinacholegea kifunge.

Bata wa bandia waweke mita 5 hadi 7 kutoka dirishani, si zaidi, kwani huo ndio umbali utakaopigia. Dume mchanga wa bandia atazame hema. Dume mkubwa akija kwa ubabe huzunguka ili wakabiliane uso kwa uso, na hapo anakupa mgongo, mkia umepanuka umemziba macho. Ndiyo nafasi ya kuvuta. Lenga shina la mkia, katikati. Akiwa ubavu, lenga panapoungana bawa na mwili. Akikutazama, juu kidogo ya mahali ndevu, kile kishungi kama nywele, zinapootea kifuani. Choma vijiti viwili kando ya mkia wa yule bandia, la sivyo upepo utamzungusha kama tiara, na dume halisi hatakaribia. Kuita tumia kiwambo cha mdomoni. Kisanduku na kigae, vile vya kuitia kwa kusugua, vinakula mikono unayoihitaji.

Mlango ni wa zipu, nao ndio upungufu mkubwa. Manyoya hunywa damu, kwa hiyo ndege aliyepigwa haachi alama nyingi za kufuata. Unataka uwe umetoka upesi umwone alikoelekea. Zipu hii hukwama kwenye kona ya chini. Nta ya mshumaa imesaidia, lakini sasa naiacha imefunguliwa robo tatu na kuubana mlango kwa kibanio cha nguo.

Kwenye ardhi ya umma funga kitambaa cha rangi ya chungwa nje, upande wa nyuma, hata pale ambapo sheria ya jimbo haikulazimishi. Mwindaji mwingine anaona bata wa bandia, hakuoni wewe.

Nafasi inatosha mpigaji mmoja na msaidizi asiyesogea. Wapiga upinde wawili hapana, viwiko vitagongana. Na kama uwindaji wako ni wa kutembea kilomita nyingi ukifuata mlio, kilo 8 mgongoni pamoja na kiti na bata wa bandia zitakuchosha kabla jua halijapanda.

Ukinunua lililotumika, lifungue mbele ya muuzaji, pitisha kidole kwenye kila fimbo pale inapoingia kitovuni, na nusa mikunjo. Lililokunjwa likiwa limelowa lina harufu ya ukungu, na upako wake mweusi tayari umeachia kitambaa.