Amana ya muda maalumu: riba huingia kwa siku yake, cheti cha kodi hufuatiliwa

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa na amana mbili za muda maalumu, yaani fedha zilizofungwa benki kwa kipindi kilichokubaliwa ili zizae riba, katika benki moja yenye tawi maeneo ya Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ya kwanza ni yangu binafsi, shilingi milioni 5. Ya pili ni ya kampuni ndogo ya familia yetu inayouza vifaa vya ujenzi Buguruni, shilingi milioni 10. Zote zilifunguliwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Wanaoniuliza habari za huduma hii huishia kwenye kiwango cha riba, nami huwaambia kwamba lipo swali jingine la kuulizwa kabla ya kutia saini: benki hii ikishakata kodi kwenye riba yangu, itanipa nini cha kuthibitisha kwamba imekata na kwamba imeipeleka kunakohusika?

Ufunguzi haukuwa na usumbufu. Kwa akaunti yangu ilitosha kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi, na kwa kampuni waliongeza cheti cha usajili na azimio la wakurugenzi. Riba nayo iliingia siku ile ile amana ilipoiva, bila kukumbushana, na kwa hilo ninawasifu.

Kasoro niliiona nilipochukua taarifa ya akaunti. Milioni 5 kwa asilimia 8 huzaa shilingi 400,000, lakini mstari wa riba ulionyesha 360,000 peke yake, bila neno lolote kuhusu 40,000 zilizobaki. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato inaitaka benki izuie asilimia 10 ya riba pale inapomlipa mteja, na kiasi hicho kinatakiwa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, pamoja na taarifa zinazoonyesha nani amelipwa, kiasi gani, na kodi gani imezuiwa. Ninacholalamikia ni kwamba mteja ameonyeshwa kilichobaki bila kuonyeshwa kilichokatwa. Mtu asiyejua kodi ya zuio, yaani hii inayokatwa na benki kabla malipo hayajamfikia mteja, atadhani amepunjwa riba, na anayeijua hana karatasi ya kushika mkononi.

Kwangu binafsi madhara yalikuwa madogo. Mtu mkazi anayelipwa riba na benki, riba ambayo si sehemu ya biashara yake, akishakatwa ile asilimia 10 amemaliza. Ni kodi ya mwisho, na riba hiyo haijumlishwi tena na mapato yake mengine. Kwa kampuni mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapowaomba wenye biashara wasome kwa makini. Riba ya kampuni yetu ilikuwa 800,000, ikazuiwa 80,000. Riba hiyo yote huingia katika mapato ya kampuni, ambayo hutozwa asilimia 30, yaani 240,000 kwa fungu hilo, kisha zile 80,000 zilizokwisha kuzuiwa hutolewa, na kampuni hubaki na deni la 160,000. Kinachoiwezesha kampuni kuzidai zile 80,000 ni cheti cha kodi ya zuio kutoka benki. Mhasibu wetu alikitaka, nasi hatukuwa nacho.

Kijana wa dirisha la huduma kwa wateja alinipokea kwa adabu. Alisema, "Shikamoo mama," akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba vyeti hivyo hutolewa kwa mteja anayeviomba kwa barua. Nilimweleza kwamba sheria imeipa benki wajibu wa kuandaa cheti na kumkabidhi mteja ndani ya siku 30 baada ya mwezi ambao kodi ilizuiwa, hata kama mteja hajafungua kinywa. Hakubishana nami, ila hakuwa na uwezo wa kukitoa pale pale. Niliandika barua, nikarudi mara mbili, na cheti kilipotoka kilikuwa na jina la kampuni lakini namba ya mlipakodi ilikuwa yangu mimi, mkurugenzi. Cheti cha namna hiyo hakiifai kampuni, na kibaya zaidi kinazua shaka kwamba hata taarifa iliyokwenda kwa Mamlaka imebeba namba isiyo yake. Msimamizi wa tawi aliliona kosa mara moja, akaomba radhi, na baada ya siku 4 nilipata cheti kipya pamoja na barua inayothibitisha kwamba taarifa imerekebishwa. Huyo mama msimamizi anaijua kazi yake. Laiti ujuzi wake ungefika hadi dirishani.

Kuna jambo jingine la kuwapongeza. Nilipouliza kama ipo njia ya kuweka fedha bila kukatwa asilimia 10, ofisa wa amana alinielekeza bila kusita kwenye hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali kwa riba, zinazouzwa kupitia Benki Kuu, ambazo riba yake imesamehewa kodi ya mapato, ijapokuwa ushauri huo ungeweza kuwapotezea mteja.

Anayefungua amana hapo ahakikishe namba ya mlipakodi iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mwenye amana, si ya aliyetia saini, na aombe kwa maandishi taarifa yenye mistari miwili: riba kamili, na kodi iliyozuiwa. Amana yangu binafsi nimeihuisha kwa miezi 12 mingine. Ile ya kampuni nimeihuisha kwa miezi 3 tu, na sitaongeza muda kabla cheti cha riba ya kipindi hicho hakijafika kwenye meza ya mhasibu.